Nani anathibitisha nyumba ya kijani? Mjue kila mtaalamu na mipaka ya kazi yake

Katika matangazo ya nyumba na fleti zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, neno "kijani" limeanza kuonekana pamoja na maneno tuliyoyazoea ya "karibu na barabara ya lami" na "maji na umeme vipo". Mnunuzi huelezwa kwamba nyumba inatumia umeme kidogo, inaokoa maji, na kwamba ina cheti cha kimataifa. Kwa sababu hiyo bei yake huwa juu kidogo, na mara nyingi mnunuzi hukubali kwa kuwa hana njia ya kubisha.

Somo letu la wiki hii halihusu uzuri au ubaya wa nyumba hizo. Linahusu swali moja la kibiashara: ni nani aliyesema kwamba nyumba hiyo ni ya kijani, na je, aliyesema ndiye anayeuza? Mfanyabiashara anayejenga, mtu anayenunua kwa mkopo wa miaka 15 au 20, na kijana msomi anayetafuta kazi katika sekta ya ujenzi, wote watatu wanahitaji kulijua jibu.

CHETI KINAPIMA NINI

Msomaji anayenunua dhahabu kwa sonara hawezi kuujua uzito wake kwa kuutazama. Hutegemea mzani, na mzani huaminika kwa kuwa umepigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ambaye hauzi dhahabu. Nyumba ni vivyo hivyo. Unene wa kizuia joto kilichowekwa juu ya dari, aina ya kioo cha dirishani na kiasi cha maji kinachotoka katika shawa kwa dakika moja si mambo ambayo mnunuzi atayajua kwa kuzunguka vyumba mara moja siku ya Jumamosi.

Ipo mifumo mingi ya kuthibitisha majengo duniani. Katika Afrika Mashariki, unaokutana nao zaidi katika nyumba za kuishi ni ule uitwao EDGE. Mfumo huu ulianzishwa na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayoshughulikia sekta binafsi. (Isichanganywe na IMF, ambayo inashughulika na fedha za serikali.) EDGE ilitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na programu yake ya kompyuta hutumiwa bila malipo.

Kanuni yake ni rahisi. Programu hulinganisha jengo lako na jengo la kawaida la aina hiyo hiyo katika mji huo huo, likiwa katika hali ya hewa ile ile. Ili lipate cheti, jengo lako linatakiwa kuonyesha upungufu wa angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati inayotumika ndani ya nyumba, maji, na nishati au hewa ukaa inayotokana na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Ukifaulu mawili na kushindwa moja, hupati. Kuna daraja la pili linalodai upungufu wa nishati wa asilimia 40, na daraja la tatu la jengo lisiloongeza hewa ukaa, ambalo huombwa baada ya jengo kutumika kwa angalau mwaka mmoja.

Hapa ni vizuri msomaji aweke alama. Asilimia 20 haina maana kwamba bili yako ya sasa itapungua kwa asilimia 20. Ina maana kwamba jengo hilo, kwa hesabu, litatumia pungufu ya jengo la kulinganishia. Ikiwa fleti ya kulinganishia hutumia uniti 300 za umeme kwa mwezi, fleti yenye cheti inatarajiwa kutumia uniti 240 au chini ya hapo. Familia inayowasha viyoyozi viwili usiku kucha huku madirisha yakiwa wazi itazitumia hizo 300 na zaidi, na cheti kitabaki ukutani kama kilivyo.

WATU WANAOHUSIKA

Wanunuzi wengi hudhani kwamba cheti hutolewa na mtu mmoja. Ukweli ni kwamba kazi hiyo imegawanywa kwa makusudi, na kila mmoja ana mpaka wake.

Kwanza ni mwendelezaji, yaani mtu au kampuni inayojenga ili kuuza au kupangisha. Yeye ndiye anayeamua kutafuta cheti, ndiye anayeusajili mradi, na ndiye anayelipa gharama zote. Kwa maana hiyo ndiye mwenye faida kubwa zaidi cheti kikipatikana, na hasara kubwa zaidi kikikosekana.

Pili ni msanifu majengo. Sehemu kubwa ya akiba ya nishati huamuliwa naye kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na mengi ya maamuzi hayo hayana gharama. Nyumba ya Dar es Salaam iliyoelekezwa vizuri, yenye paa lililochomoza kuyapa madirisha kivuli, na yenye madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari upite, inahitaji kiyoyozi kwa nadra. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja walilijua hilo kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Nairobi, ambako kuna baridi, hesabu ni nyingine, kwani umeme mwingi wa nyumbani huweza kwenda katika kuchemsha maji ya kuoga. Hivyo mtambo wa kuchemsha maji kwa jua huleta tofauti kubwa.

Tatu ni wahandisi wa umeme, maji na mitambo. Hao huchagua balbu, viyoyozi, pampu, mabomba na matangi ya choo yenye vibonyezo viwili. Takwimu za vifaa hivyo ndizo zinazoingizwa katika programu.

Nne ni mkadiriaji majenzi. Wengi humsahau katika mazungumzo ya kijani, lakini yeye ndiye anayeandika katika orodha ya vifaa na gharama kwamba shawa inayotakiwa ni ya kiasi fulani cha maji kwa dakika, na si "shawa" tu. Orodha ikiwa legelege, mkandarasi atanunua ya bei nafuu na hatakuwa amekosea kwa mujibu wa mkataba.

Kwa Tanzania, wasanifu na wakadiriaji husajiliwa na bodi iliyo chini ya sheria ya mwaka 2010, na wahandisi na makandarasi wana bodi zao zilizo chini ya sheria za mwaka 1997. Kenya nayo ina bodi ya wasanifu na wakadiriaji, bodi ya wahandisi, na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi kwa upande wa makandarasi. Cheti cha kijani hakichukui nafasi ya usajili huo. Mtu anayejiita mtaalamu wa majengo ya kijani bila kusajiliwa na bodi yoyote hana ruhusa ya kukuchorea nyumba.

Tano ni mtaalamu mshauri, ambaye katika mfumo wa EDGE huitwa Mtaalamu wa EDGE. Huyu amepata mafunzo na kufaulu mtihani. Kazi yake ni kumsaidia mwendelezaji: kuingiza takwimu katika programu, kushauri ni hatua zipi zitaleta akiba kwa gharama ndogo, na kuandaa nyaraka. Sheria za mfumo hazimlazimishi mwendelezaji kumwajiri, ingawa wengi humwajiri ili kuokoa muda. Yeye yuko upande wa mteja, kama alivyo wakili upande wa mteja wake.

Sita ni mkaguzi. Huyu naye ana mafunzo na mtihani wake, lakini kazi yake ni tofauti kabisa. Hashauri. Huchunguza kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Hupitia michoro na hesabu wakati wa usanifu, na jengo likikamilika hufika mwenyewe katika eneo la ujenzi kuangalia kilichowekwa. Katika mradi wenye fleti nyingi zinazofanana huangalia sampuli. Mtu mmoja anaweza kuwa na sifa za ushauri na za ukaguzi pia, lakini haruhusiwi kuzitumia zote mbili katika mradi mmoja. Aliyekushauri hawezi kukukagua.

Saba ni taasisi inayotoa cheti. Mkaguzi haandiki cheti. Huandika taarifa na mapendekezo, kisha taasisi hiyo huyapitia na kuamua. Kwa EDGE, kazi hii imefanywa na taasisi kama GBCI ya Marekani na Sintali ya Uingereza. Uamuzi unaweza kuwa ndiyo, hapana, au urudishe nyaraka zaidi.

Kwa ufupi, mmoja hujenga, mwingine hushauri, wa tatu hukagua na wa nne huamua. Mnunuzi akiambiwa kwamba "mtaalamu wetu ametoa cheti", hapo hapo ajue kwamba msemaji ama hajui utaratibu au anauficha.

CHETI CHA AWALI NA CHETI KAMILI

Hili ndilo eneo linaloweza kumgharimu mnunuzi fedha nyingi, na tunaomba lisomwe kwa makini.

Mradi wa EDGE hupita katika hatua mbili za ukaguzi. Hatua ya kwanza ni ya michoro. Mwendelezaji huwasilisha ramani, hesabu na maelezo ya vifaa anavyokusudia kutumia. Mkaguzi akiridhika na taasisi ikikubali, hutolewa cheti cha awali. Wakati huo huenda kiwanja bado kina majani.

Hatua ya pili ni baada ya ujenzi. Hapo huhitajika michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa hasa, risiti za manunuzi, hati za kupokelea vifaa, maelezo ya kiwanda kuhusu kila kifaa, na picha zenye tarehe. Picha ni muhimu hasa kwa vitu vitakavyofunikwa. Kizuia joto kikishawekwa juu ya dari na dari ikafungwa, hakuna mkaguzi atakayekiona. Isipopigwa picha siku ile, itakuwa kana kwamba hakikuwekwa. Ni baada ya hatua hii tu ndipo cheti kamili hutolewa.

Sasa mfikirie mnunuzi anayelipia fleti kwenye ramani, yaani kabla haijajengwa. Anaonyeshwa cheti, nacho ni cha halali. Lakini ni cha awali. Katikati ya ujenzi bei ya vioo inapanda, mwendelezaji anabadilisha aina ya kioo. Shawa zilizoagizwa zinachelewa bandarini, fundi ananunua nyingine Kariakoo bila risiti ya maana. Mwisho wa mradi hesabu haifiki asilimia 20, au inafika lakini ushahidi haupo. Cheti kamili hakitoki, na mnunuzi amekwisha kulipa bei ya nyumba ya kijani.

Hakuna aliyeghushi kitu katika mfano huu. Kila mmoja alifanya uamuzi mdogo wa siku ile. Ndiyo maana tunasema kwamba mkataba wa mauziano usitaje "cheti" tu. Utaje cheti kamili, utaje daraja lake, na useme nini kitatokea kisipopatikana: kupunguzwa kwa bei, kurejeshwa kwa sehemu ya fedha, au vinginevyo kama pande mbili zitakavyokubaliana mbele ya mwanasheria.

Kwa upande wa mwendelezaji, somo ni la uongozi wa eneo la ujenzi. Mteue mtu mmoja, anaweza kuwa msimamizi au karani wa stoo, awe na jukumu la jalada la ushahidi tangu siku ya kwanza. Kutafuta risiti za miezi 18 iliyopita ni kazi ambayo haijawahi kumfaidisha mtu.

MKAGUZI ANALIPWA NA NANI?

Msomaji makini atakuwa amegundua kasoro. Tumesema mwendelezaji hulipa gharama zote. Basi mkaguzi naye analipwa kwa fedha za yule yule anayemkagua. Je, atathubutu kusema hapana?

Swali hili halihusu majengo peke yake. Hata wakaguzi wa hesabu za makampuni hulipwa na makampuni hayo. Dawa iliyopatikana katika biashara nyingi si kumwondoa mkaguzi, bali ni kumweka mkaguzi mwenyewe chini ya jicho la mwingine.

Marekani ina uzoefu mrefu katika hili. Huko, mwaka 1995 ulianzishwa mtandao uitwao RESNET, unaosimamia wapimaji wa nishati katika nyumba za kuishi. Mpimaji huipa nyumba alama katika kipimo kiitwacho HERS. Alama 100 ni sawa na nyumba ya kulinganishia iliyojengwa kwa kanuni za mwaka 2006. Nyumba yenye alama 70 hutumia nishati pungufu kwa asilimia 30 kuliko hiyo, na yenye alama 130 hutumia zaidi kwa asilimia 30. Alama sifuri ni nyumba inayozalisha nishati sawa na inayoitumia kwa mwaka.

Mpimaji huyo hafanyi kazi kwa makaratasi tu. Huweka feni kubwa katika mlango wa mbele, hufunga madirisha yote, na huitumia feni kuvuta hewa nje mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50. Kwa njia hiyo hupima hewa inavyovuja kupitia nyufa. Mjenzi hawezi kubishana na feni.

Lakini jambo la kuiga zaidi ni usimamizi. Mpimaji wa HERS hawezi kufanya kazi peke yake. Lazima awe chini ya shirika lililoidhinishwa, na shirika hilo lazima liwe na msimamizi wa ubora. Msimamizi huyo hupitia upya asilimia 10 ya majalada ya kila mpimaji, na hurudia vipimo katika asilimia 1 ya nyumba. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini mpimaji hajui ni nyumba ipi itakayorudiwa. Mtindo huo huo wa mpimaji aliye chini ya msimamizi umetumika pia katika mfumo wa LEED kwa nyumba za kuishi, uliozinduliwa huko Marekani mwaka 2008.

Katika mfumo wa EDGE, jicho la pili ni taasisi inayotoa cheti, ambayo hupitia kazi ya mkaguzi kabla ya kuamua. Mnunuzi naye anaweza kuwa jicho la tatu kwa kuuliza jina la mkaguzi, jina la taasisi, na namba ya mradi, kisha akahakikisha mwenyewe. Miradi yenye vyeti huorodheshwa hadharani katika tovuti ya EDGE. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mtu anayeweka akiba yake yote katika fleti moja hana sababu ya kuiona ndefu.

HESABU YA FAIDA

Tuchukue mfano wa darasani, si bei ya soko. Tuseme hatua za kijani zimeongeza sh. 3,000,000 katika bei ya fleti. Tuseme pia kwamba, kwa hesabu za mshauri, umeme na maji vitapungua kwa thamani ya sh. 40,000 kila mwezi. Gawanya 3,000,000 kwa 40,000. Unapata miezi 75, yaani miaka sita na miezi mitatu, na fedha ya ziada imerudi. Kwa mkopo wa miaka 15 hiyo ni biashara nzuri, hata ukiongeza riba kidogo.

Sasa tuseme vioo na shawa vilibadilishwa njiani, na akiba ya kweli ni sh. 20,000 kwa mwezi. Muda wa kurudisha fedha unakuwa miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Ukiongeza riba ya benki, huenda fedha hiyo isirudi kabisa kabla hujamaliza mkopo.

Tofauti kati ya hesabu hizi mbili haikutokana na teknolojia. Vifaa vilivyoandikwa katika ramani vilikuwa vile vile. Ilitokana na kuwapo au kutokuwapo kwa mtu aliyekwenda kuangalia kilichowekwa ukutani. Thamani ya mkaguzi kwa mnunuzi katika mfano huu ni sh. 20,000 kila mwezi kwa maisha yote ya nyumba.

KWA NINI MABENKI YANAJALI

Si wanunuzi wadogo tu wanaotegemea saini hizi. Mwaka 2019, kampuni ya Acorn ya Kenya, inayojenga mabweni ya wanafunzi jijini Nairobi, ilitoa hatifungani ya kwanza ya kijani nchini humo na kukusanya Sh. za Kenya bilioni 4.3. Januari 2020 hatifungani hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na baadaye katika mwezi huo huo London. Nusu ya fedha za wawekezaji ilikuwa na dhamana ya kampuni ya GuarantCo. Mabweni hayo yalipangwa kuthibitishwa kwa mfumo wa EDGE.

Mwekezaji aliyeko London hana nafasi ya kupanda ndege kuja kupima shawa za bweni la Nairobi. Kilichomwezesha kutoa fedha zake ni kwamba kuna mtu asiye wa Acorn ambaye atapima kwa niaba yake, kwa kanuni zinazojulikana.

Tanzania nayo imeonyesha kwamba fedha za namna hii zipo. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa Hatifungani ya Kijani ikilenga kukusanya sh. bilioni 40, na wawekezaji walileta zaidi ya sh. bilioni 171. Hatifungani hiyo haikuwa ya nyumba peke yake. Lakini ni dalili kwamba anayejenga nyumba zinazoweza kuthibitishwa ana mlango mwingine wa kubisha zaidi ya mkopo wa kawaida. Mlango huo hufunguliwa kwa ushahidi. Benki iliyotangaza kwamba fedha ni za kijani itadaiwa taarifa na wawekezaji wake, nayo itakudai wewe.

Hapa anaingia mtaalamu mwingine, mthamini. Tanzania ilitunga sheria ya uthamini na usajili wa wathamini mwaka 2016. Benki hukopesha kwa kufuata thamani anayoiandika yeye. Mwendelezaji anayetaka cheti chake kihesabiwe ampe mthamini taarifa kamili, zikiwamo bili za miezi kadhaa kutoka fleti zilizokwisha kukaliwa, badala ya kumpa bango lenye picha ya jani.

YASIYOMO KATIKA CHETI

Cheti cha kijani hakisemi kwamba nguzo ni imara. Hakisemi kwamba kiwanja kina hati safi, kwamba nyaya za umeme zilifungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, wala kwamba mwendelezaji hana madeni. Kila jambo kati ya hayo lina mhusika wake na karatasi yake. Msomaji asikubali karatasi moja nzuri ifunike upungufu wa nyingine.

Vilevile, cheti hakisemi lolote kuhusu matunzo. Mtambo wa maji ya jua usiosafishwa huzidi kupungua nguvu, na shawa ikiharibika mpangaji hununua yoyote iliyo karibu. Chama cha wakazi wa jengo kinapaswa kukabidhiwa orodha ya vifaa vilivyofanya jengo lipate cheti, ili vinapochakaa vibadilishwe kwa vya aina ile ile.

KWA VIJANA WANAOTAFUTA KAZI

Kazi za ushauri na ukaguzi zilizoelezwa hapa ni ngeni katika soko letu, na wanaozifanya bado si wengi. Mhandisi, msanifu au mkadiriaji kijana anaweza kujifunza programu ya EDGE bila gharama, kisha akafanya mafunzo na mtihani wa mtaalamu, na akishapata uzoefu wa kutosha akaendelea na ule wa mkaguzi.

Lakini achague mapema njia ya kujipatia jina. Mshauri huishi kwa ubunifu wa kumpunguzia mteja gharama. Mkaguzi huishi kwa kuaminika, na uaminifu huo hupotea mara moja. Mkaguzi aliyepitisha jengo asilolikagua hapotezi mradi mmoja. Hupoteza kila mradi unaofuata, na huwachafulia wenzake ambao mnunuzi hawezi kuwatofautisha naye.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Kabla ya kulipa malipo ya awali, mnunuzi aulize haya na aandike majibu:

1. Cheti ni cha mfumo gani, na cha daraja gani?

2. Ni cha awali au ni kamili? Kama ni cha awali, kilichokamilika kitatoka lini, na mkataba unasema nini kisipotoka?

3. Mshauri wa mradi ni nani, na mkaguzi ni nani? Je, ni watu tofauti?

4. Taasisi gani ilitoa cheti, na namba ya mradi ni ipi?

5. Asilimia za nishati, maji na vifaa ni ngapi, kila moja peke yake?

6. Ni vifaa gani vilivyobadilishwa tangu ramani ilipopitishwa?

7. Kama kuna fleti zinazokaliwa tayari, bili zake za umeme na maji zikoje?

Muuzaji wa kweli atakuwa na majibu hayo katika jalada moja, na atafurahi kuulizwa kwa kuwa amegharimika kuyapata. Anayejibu kwa kurudia neno "kijani" mlipe bei ya nyumba ya kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo anayokuuzia mpaka atakapothibitisha vinginevyo.